Alama ya Pumzi

Kwanza unautazama upepo.
Ukitoka ziwani, ngoja. Ukishuka mlimani, ngoja.
Ukija kutoka mbali, kusiko na moshi wa mtu,
vuta pumzi, ifunge kifuani kama siri ya mwenzio,
tembea kuuelekea, mkono mbele,
fungua chupa.
Hesabu kumi na tano. Funga.
Rudi nyuma hatua ishirini.
Haya, pumua.

Ndivyo Sadyrkul alivyomfundisha Burulcha
juu ya Kara-Dobo, ambako Isik-Kul huonekana chini,
buluu hata Januari, ziwa lililokataa kuganda.
"Pumzi yako moja," alimwambia, "ina hewaukaa
mara mia ya anga hili lote.
Ukiipumulia chupa utakuwa umejipima wewe,
na wewe hakuna aliyekuuliza."

Chumba ni kidogo. Mashine inakoroma.
Mitungi mitatu imefungwa minyororo ukutani:
hewa iliyopimwa ng'ambo, ikapewa cheti na tarehe.
Kila baada ya saa sita mashine huionja,
kama mpishi anayerudi kwenye chumvi
kuuliza kama ulimi wake ungali mwaminifu.
Jibu likiteleza, hata kwa sehemu moja ya kumi,
Burulcha hali chakula.
Huandama bomba, kiungo kwa kiungo,
akikipulizia kila kimoja:
namba ikiruka, hapo ndipo penye ufa.
Kumbe mwizi huyohuyo ndiye tochi.

Daftari lake halina mapambo.
*Tarehe tatu: Jumadil kawasha moto wa samadi chini ya mnara.
Kondoo mia mbili. Nimemwomba asogee. Kanipa jibini.*
*Tarehe tisa: barafu kwenye mdomo wa bomba.*
*Tarehe kumi na nne, saa nane usiku: namba imepanda, ikashuka. Sijui.*
Sadyrkul alilipenda hilo neno la mwisho.
Alisema watu huona aibu kuliandika,
ndipo wanapoanza kudanganya kwa adabu.

Sasa ni Aprili, anaupitia mwaka mzima,
mstari baada ya mstari, chai imepoa.
Septemba ishirini na sita, saa nne na dakika arobaini:
mia tano na mbili.
Juu yake na chini yake, mia nne na kumi na kitu.
Kilima kimoja kwenye uwanda.

Anafungua daftari, ingawa anajua.
*S. kaja kuaga. Kapanda mnara, nimemkataza.
Kakaa juu karibu na mdomo wa bomba, kutazama ziwa.*
Miaka sabini na mmoja, ngazi thelathini na sita,
na kifua ambacho tayari kilikuwa kinadaiwa.
Alihema pale juu kama mtu aliyefika.
Upepo ulitoka wapi, alijua;
maisha yake yote hakuna alichokijua zaidi.
Alisahau? Au kwa mara moja tu
alitaka na yeye ahesabiwe?

Februari Jumadil alileta habari, kofia mkononi,
theluji hadi magotini mwa farasi.

Burulcha anashika kidole juu ya kitufe.
Dakika moja katika mwaka. Nani ataigundua?
Wastani wa mwezi utainuka kwa unywele,
na mtu fulani, mji fulani, miaka hamsini ijayo,
atajenga juu ya unywele huo.

Sheria ya kituo: hakifutwi kitu.
Kibaya hutiwa alama, kikabaki mahali pake,
ili atakayekuja aone ulichokikataa, na kwa nini.
Anaweka alama. Kwenye sababu anaandika:
*pumzi ya mtu.*
Anataka kuongeza jina. Haongezi.

Mzee amepumzika. Pumzi yake imo,
haimo hesabuni, lakini imo,
na kila atakayefungua faili ataikuta
imesimama peke yake, imeshika ngazi.

Mstari unaofuata. Saa nne na dakika arobaini na saba.
Mia nne kumi na nane, nukta mbili.
Safi.